Historia ya Zulmira Amisse Nacuo na Kitanda cha Chumba cha Kona

Padre Anselmo, wazee wa ukoo wa Mirasi, wafiwa, majirani wa Litine, wafanyakazi wa hoteli ya Casa Abrantes na nyote mliokuja kusimama nasi kwenye matope haya, poleni na msiba. Jina langu ni Bernardo Nacuo, mwoka mikate, wengi wenu mnanijua kwa mikate na wengine kwa mdomo, na ukoo umenituma mimi nisome kwa kuwa ndimi ndugu pekee niliyebaki wa tumbo moja na marehemu, ingawa alinizidi miaka minne na hakuacha kunikumbusha. Padre ameniomba nisirefushe kwa sababu mvua inajikusanya upande wa bara, nami nimemwitikia, lakini dada yangu alingoja karibu maisha yake yote, hivyo si vibaya nanyi mkimngojea kidogo.

Marehemu Zulmira alizaliwa tarehe 14 Septemba 1961 hapa hapa kisiwani kwetu Muhipiti, katika nyumba ya mawe inayotazama gati la zamani, nyumba ambayo leo ni hoteli na ina kibao cha shaba mlangoni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu Amisse Nacuo, mpishi, na mama yetu Rosalina Vaheque, dobi. Hakuzaliwa juu kwenye vyumba, alizaliwa chini ghalani, kwa kuwa chini ndiko walikokaa watumishi wa Bwana Abrantes, mfanyabiashara wa korosho aliyeimiliki nyumba hiyo. Mnayajua maghala ya nyumba zetu za mawe, kuta nene, dirisha jembamba la kupitisha paka, na kila mmoja wetu hapa anajua zamani za mababu waliwekwa nani humo wakingoja meli, kwa hiyo sitasema zaidi. Mvua zikianza kuta zile hutoa jasho, nguo haikauki, unga unavunda, na mtoto anayelala karibu na ukuta anakohoa mpaka mwezi wa Mei.

Alisoma kwa masista, akamaliza darasa la nne mwaka 1973, na alasiri akitoka shule alipanda juu kumsaidia mama kutandika. Vyumba vya juu vilikuwa sita, lakini kwa Zulmira kilikuwa kimoja, kile cha kona, cha bwana mwenyewe, chenye dirisha moja la gatini na jingine la barabarani, na katikati yake kitanda cha mti mweusi chenye nguzo nne, kipana kuliko ghala letu. Siku moja mama alimkuta ameinama amelaza shavu kwenye mto wa bwana, akampiga kofi, na nijuavyo mimi ndilo kofi pekee mama alilowahi kumpiga. Jioni, tukila, Zulmira aliniinamia akaninong'oneza, "Bernardo, mto ule unanukia jua. Siku moja nitalala pale mpaka nichoke kulala." Nilimwambia anaota, akanifinya. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu historia yake yote, ukiondoa tarehe, ni neno hilo.

Tarehe 9 Agosti 1975, siku ya Jumamosi, mwezi na nusu baada ya bendera kubadilishwa, Bwana Abrantes aliondoka na sanduku moja. Mama alikuwa ametoka kubadilisha mashuka asubuhi hiyo, kama kila Jumamosi. Bwana alisimama mlangoni, akamkabidhi baba ufunguo wa chuma wa urefu wa kiganja, akamwambia, "Amisse, nitunzie nyumba, nikirudi nikute kitanda kimetandikwa." Baba akajibu, "Utakikuta, bwana." Ndivyo walivyoagana watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka ishirini na mitatu, na kwa bwana naamini yalikuwa maneno ya kuagana tu, kama mtu anavyosema tutaonana, lakini baba yetu alikuwa mtu wa kulishika neno lililotoka, awe amelisema mkubwa au mdogo. Aliutia ufunguo kwenye uzi wa kushonea nyavu akauvaa shingoni, akauvaa miaka ishirini na miwili na miezi tisa.

Mwaka uliofuata serikali mpya ilizichukua nyumba za mawe ikawapa wananchi, na vijana wa ofisi ya nyumba walikuja kwetu wakiwa na furaha ya kugawa. "Mzee, nyumba imekuwa ya wananchi, na mwananchi ni wewe," walimwambia baba. "Chagua vyumba, weka dole gumba hapa, uhamie juu leo." Sisi watoto tulikuwa tumeshafunga mikeka. Baba akasema, "Nyumba hii ina mwenyewe, mimi ni mlinzi." Walicheka, wakabembeleza, mmoja akakasirika akamwita kibaraka wa wakoloni, wakamchukua siku nzima kwenda kufundishwa siasa, na jioni aliporudi alitoa godoro la bwana dirishani lipigwe na upepo. Wakachoka naye, wakamwandika mlinzi, si mpangaji, na sisi tukarudisha mikeka chini.

Basi Kisiwa kikapata cha kuchekea. Saíde Ussene fundi cherehani, jirani yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akimuuliza kila asubuhi, "Mzee Amisse, bwana yuko wapi?" Baba anajibu, "Yuko njiani." Saíde anauliza, "Anakuja kwa miguu?" Watu wanacheka, baba naye anatabasamu kidogo, anaingia ndani anapanda juu kupiga chokaa paa la chumba cha kona ili lisivuje. Vyumba vingine vitano hakuwa na chokaa ya kuvitosha, mapaa yake yakaanguka moja baada ya jingine, lakini cha kona kilisimama, kikavu, kimefungwa, na kila Jumamosi baba, mama na Zulmira walipanda kubadilisha mashuka ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Mama alichoka mwaka wa tatu akasema magoti yanamuuma. Zulmira hakuchoka. Alimaliza darasa la sita mwaka 1978, akawa anafua nguo za watu, na Jumamosi anapanda, ananyoosha shuka, anakunja kona, anapigapiga mto, anashuka. Nilimuuliza hamu ya kulala pale ilimtoka lini, akasema haijamtoka, anangoja mwenyewe arudi amwombe ruhusa.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Ernesto Muhate, fundi wa injini za boti. Mama alimwomba baba awaachie maharusi chumba cha kona japo siku ile moja. Baba alisikitika kwa alilokuwa akilisema, mngeliona usoni mwake, lakini alisema bwana yuko njiani, na wakalala ghalani nyuma ya pazia la kanga. Wakajaliwa watoto watatu, Delfina aliyezaliwa mwaka 1984, Luzia aliyezaliwa Septemba 1985, na Gaspar aliyezaliwa mwaka 1989. Shemeji Ernesto yuko hapa leo, amekaa kule nyuma karibu na lango. Shemeji, uliondoka mwaka 1991 kwenda Nacala kutafuta kazi, tunafurahi umerudi salama.

Sasa nimefika kwa Luzia, na Padre atanivumilia. Mwaka 1986 vita vilikuwa vimewamwaga watu wa bara wote kisiwani, uani kwetu zilikaa familia sita, ghalani tulilala kichwa kwa miguu, na mvua za Januari zilikuja zikakaa. Luzia alikuwa na miezi minne na ushee. Kifua kilimbana, akawa anavuta pumzi kwa tumbo, kuta zinamwaga maji, na nesi mmoja aliyekuja kumtazama, naye hakuwa na dawa kwa kuwa mwaka ule hakuna aliyekuwa nayo, alisema jambo moja tu, mtoto atolewe kwenye unyevu. Pakavu kisiwani palikuwa hapapatikani kwa lolote, ila juu ya vichwa vyetu, ngazi moja kupanda, kilikuwepo chumba kizima.

Nilikuwepo, na niliyoyasikia nayasema kama yalivyosemwa. Zulmira alipiga magoti mbele ya baba, mtoto kamfunga kifuani, akasema, "Baba, tupe chumba cha juu siku mbili tatu, mtoto akauke kifua. Sitalala kitandani. Nitakaa sakafuni naye." Baba alishika ufunguo, akasema, "Mwanangu, uani kuna watu arobaini. Nikikufungulia wewe, huyo mwenye homa nitamwambia nini, na yule mwenye mimba? Leo wewe, kesho wote, na bwana akirudi atakuta soko." Mama akaingilia, "Amisse, huyo mzungu wako yuko wapi?" Baba akasema, "Yuko njiani, Rosalina." Wale wa uani walikuwa wakisikia yote. Mmoja wao, mwanamume mwenye shoka, alimwambia dada, "Mama, sema neno moja tu mlango huu tuuvunje." Zulmira alimtazama baba, akamtazama yule mtu, akatikisa kichwa. Watu wa kizazi hiki mtaniuliza kwa nini. Alikuwa binti wa Amisse, jibu lingine sinalo.

Luzia alifariki tarehe 11 Februari 1986, saa za mchana, ghalani, upande wa dirisha. Baba alimchimbia kaburi mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine ashike jembe, na alipomaliza alikaa ndani ya shimo akilia mpaka mashemasi wakamtoa kwa mikono. Nikajua kwamba sasa mlango utafunguliwa. Jumamosi ya juma lile lile alipanda juu na shuka begani, na ngazi zilipomlemea nikamwona Zulmira anainuka mkekani kwenye matanga ya mwanawe, anampokea shuka, anapanda naye. Nilimchukia baba siku ile, na dada nilimwona ana wazimu, na nilikaa hivyo miaka mingi kabla sijaelewa kwamba wangefungua baada ya pale wangekuwa wamekiri kuwa mtoto amekufa bure. Kwa hiyo ilibidi bwana awe njiani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na matumbo ya kwetu yalikuwa mawili, la baba na la dada, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba linauma.

Vita viliisha, na miaka ile ile ya tisini serikali ikawaruhusu wapangaji wa nyumba zake wazinunue. Saíde Ussene alinunua yake, wajukuu wake leo wanapangisha vyumba vitatu kwa watalii na wanafanya vizuri, nawapongeza. Sisi hatukuwa wapangaji. Mama alifariki mwaka 1994. Baba aliugua mwaka 1998, na tarehe 3 Mei, alipoona amekwisha, aliuvua ufunguo akamvalisha Zulmira, akasema, "Akija, mkabidhi wewe. Mwambie nilijitahidi, ila mapaa matano yalinishinda." Hakumtaja Luzia. Dada alisema, "Nitamkabidhi, baba," na hapo ndipo mzee alipofumba macho. Tangu siku hiyo ufunguo ulikuwa kifuani mwake mwenyewe, hakuna wa kumkataza, mashuka yalikuwa yamekwisha kuchakaa hata la mwisho, na bado alipanda kila Jumamosi kufuta vumbi kwenye nguzo, halafu anashuka kulala mkekani. Mimi nilimwambia, "Lala basi, nani atakuona?" Akasema, "Luzia."

Mwaka 2008 nyumba iliuzwa kihalali kwa Dona Graciete Chilaúle wa Maputo, ambaye yuko hapa nasi, na tukahamia Litine, mtaa wa mapaa ya makuti. Ujenzi ulichukua miaka mitatu. Hoteli ilipokaribia kufunguliwa, mwaka 2011, Dona Graciete aliita wanawake wa kisiwani wajaribiwe kutandika, na kitanda cha majaribio kilikuwa kile kile cha mti mweusi, kimesuguliwa kimeng'aa, kwenye chumba kile kile cha kona ambacho sasa kina namba tano na bei ambayo sitaitaja kanisani, samahani, makaburini. Wenzake walizunguka kitanda mara nne mara tano. Zulmira alikitandika akiwa anaangalia dirishani. Dona Graciete akamuuliza, "Umejifunzia wapi, mama?" Dada akasema, "Hapa." Yule mama akadhani anatania.

Alifanya kazi Casa Abrantes kuanzia Juni 2011 hadi Juni 2023, akawa mkubwa wa vyumba, akawafundisha mabinti ninaowaona hapa wamevaa sare, na mlikuwa mkimwogopa, msikatae. Kanuni ya hoteli ilikuwa mfanyakazi haketi kitandani kwa mgeni, nayo dada hakuhitaji kuandikiwa. Wageni hakuwasema vibaya, ila aliniambia wanalala vibaya, wanalala kama wanaogelea, shuka asubuhi liko sakafuni na mchanga uko kwenye mto. "Wamekuja kutoka mbali kote huko kulala," alisema, "halafu hawajui kulala." Nilimuuliza kama hawaonei wivu. Alisema wivu ni wa watu wenye nafasi.

Mwezi Oktoba 2016 chumba namba tano kilipata mgeni mwanamke kutoka Ureno, na asubuhi ya pili, Zulmira alipoingia kutandika, mgeni yule alimwambia kwamba jina lake ni Marta Abrantes na kwamba nyumba hii ilikuwa ya babu yake. Dada aliliweka shuka chini. Akauliza, "Bwana hajambo?" Ndivyo alivyouliza, baada ya miaka arobaini na moja, bwana hajambo. Yule mwanamke alimwambia kwa upole kwamba babu alifariki majira ya baridi ya mwaka 1976, jikoni kwa dada yake, kwa moyo, na kwamba mpaka siku ya mwisho alikuwa akisema nyumba haimtii wasiwasi, amemwachia mpishi wake.

Mwaka 1976. Luzia alifariki 1986. Baba alifariki 1998. Hesabu hiyo sikuifanya mimi, aliifanya dada akiwa amesimama pale, na aliponieleza hakulia, aliniambia tu kwamba alishika nguzo ya kitanda ili asikae juu yake. Kisha aliuvua ufunguo akampa yule Marta, akamwambia, "Baba yangu alisema nikukabidhi. Alijitahidi, mapaa matano yalimshinda." Mgeni alilia sana, akamkumbatia, akampiga picha akiwa ameshika ufunguo, akaondoka siku ya tatu. Zulmira alipokwenda kusafisha chumba aliukuta ufunguo mezani, pamoja na bahasha ya ahsante. Dada alisema mgeni amesahau. Mimi nasema hakusahau, mtu hasahau chuma cha uzito ule, ila hakujua aufanyie nini, na nikisema kweli hata mimi nisingejua. Dona Graciete aliutundika ukutani pale mapokezi, wageni wanauulizia, wanaambiwa ni wa kale.

Mwezi Aprili 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akapelekwa Nampula, akaambiwa ni figo, zote mbili. Aliacha kazi Juni, akalazwa mara tatu, na Januari mwaka huu madaktari walituambia kwa heshima tumrudishe nyumbani. Tarehe 15 mwezi huu Dona Graciete alikuja Litine mwenyewe kwa miguu kwenye mvua, akaketi mkekani, akamuuliza, "Mama Zulmira, niambie unachotaka, nami usinifiche." Delfina alikuwepo, Gaspar alikuwepo, mimi nilikuwepo. Dada alivuta kanga mpaka kidevuni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa na kosa, "Nataka kulala kile kitanda." Nililia mbele ya watu, mimi Bernardo mwenye mdomo. Dona Graciete akasema, "Kesho."

Kesho yake, tarehe 16, tulimbeba kwenye kiti, mimi na Gaspar, tukaingia kwa mlango mkubwa wa mbele, tukapanda ngazi. Hoteli haikuwa na mgeni kwa ajili ya mvua. Mabinti walikuwa wametandika mashuka mapya, madirisha yote mawili wazi, na wakasimama ukutani. Tukamlaza. Alinyoosha mikono huku na huku, akageuza shavu kwenye mto, akafumba macho, na sisi tukakizunguka kitanda kama watu walioko misani. Nilijisemea, haya, na afe hapa, Mungu, umpe hili moja. Akafumbua macho, akatazama dari muda mrefu. Akasema, "Kumbe ni kitanda tu."

Akasema tena, "Na kinabonyea katikati." Delfina alitaka kucheka akashindwa, akaziba mdomo na kanga. Nikainama nikamuuliza kama mto unanukia jua. Alinitazama, akakumbuka, akasema, "Unanukia sabuni, Bernardo." Halafu machozi yakamtoka, ya kwanza niliyoyaona tangu mwaka 1986, yakashuka pande zote mbili mpaka kwenye mto, na akalia akisema, "Kilikuwa kitanda tu. Mwanangu alikufa kwa ajili ya kitanda tu." Alilia hivyo akiwa amelala pale pale alipotamani kulala tangu utotoni, na kitanda kile kipana hakikuwa na la kumsaidia. Ndugu zangu, mimi nimeona vita, na hicho ndicho kilio kibaya zaidi nilichowahi kukisikia.

Alipotulia alisema, "Nishusheni. Nipelekeni chini kwa Luzia." Lile ghala sasa ni stoo ya mashuka ya hoteli, kavu, limewekwa mashine ya kuvuta unyevu, na mashuka yamepangwa mpaka juu. Lakini kabla hatujamtoa chumbani alitaka arudishwe kwenye kiti, akasema, "Tandikeni kwanza." Tukatandika, mimi upande huu na Delfina upande ule, naye anatazama. "Kona, Bernardo," alisema. Nikaitoa nikaikunja upya. Ndiyo amri ya mwisho niliyopokea kutoka kwake, na nimeitii.

Tulimtandikia mkeka upande wa dirisha, na hapo ndipo marehemu alipofariki, tarehe 17 Februari 2024, siku ya Jumamosi, asubuhi, wakati mabinti walipokuwa wanaingia kuchukua mashuka ya kubadilisha na wakageukia mlangoni bila kuyachukua. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mimi.

Kwa desturi yetu maiti hutoka kwa mlango mkubwa wa nyumba yake, na nilikuwa nimejiandaa kugombana kwa hilo, maana hoteli ina mlango wa nyuma wa mizigo. Sikugombana na mtu. Dona Graciete alifungua mbao zote mbili za mlango wa mbele, na wageni wanne waliokuwa wamefika wakati huo huo na masanduku yao aliwaambia wasubiri barabarani, wakasubiri, mvuani, wamevua kofia, mpaka dada yangu akapita. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa, na mwenyeji hakupona, lakini siku ile alitangulizwa.

Kwa niaba ya ukoo natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Nampula waliomhudumia mpaka ikawa hakuna tena la kufanya, kwa majirani wa Litine mliokaa nasi sakafuni siku hizi na kutuletea kuni, maji na samaki bila kuombwa, kwa Padre Anselmo aliyempaka mafuta, kwa mabinti wa Casa Abrantes mliomwosha na kumvisha, na kwa Dona Graciete, ambaye hakuwa na deni kwetu na amelipa. Ametuuliza pia kama tunataka ule ufunguo tumwekee marehemu ndani ya jeneza. Tumeshauriana tukasema hapana, ameubeba vya kutosha, ubaki ukutani pale mapokezi. Huenda mwenyewe yuko njiani.

Dada Zulmira, Luzia yuko hapo mkono wako wa kulia, tumepima sawasawa. Lala mpaka uchoke kulala. Hiki tulichokutandikia leo hakuna atakayekuja kukidai, na Jumamosi hutaamka kukibadilisha.